Bonde la Mto Lea: Samaki, Fisi Maji na Haki ya Kila Mmoja

Asubuhi tuliyopanga kwenda kutembea bonde la mto Lea, kaskazini-mashariki mwa London, tulipokea ujumbe kutoka Muleba, mkoani Kagera. Mpwa wetu, ambaye anafuga sato katika mabwawa mawili karibu na Ziwa Victoria, alikuwa ameamka na kukuta vichwa na mapezi ya samaki yametapakaa ukingoni. Fisi maji walikuwa wameingia kwa usiku wa tatu mfululizo. Jirani alimshauri achanganye dawa ya kuua wadudu na dagaa, aiweke kando ya bwawa, na mambo yaishe. Mpwa wetu aliomba tumtumie fedha za kununulia dawa hiyo, kisha akaongeza, kwa adabu ya kijana anayejua anazungumza na wakubwa zake, kwamba kama tunaona jambo hilo si zuri, tumwambie.

Tulimjibu kwamba asubiri hadi jioni. Hatukuwa na jibu. Sote tulijua kuwa samaki wale ndio ada za shule za watoto wake, na kwamba ni rahisi kuhubiri huruma kwa mnyama mtu akiwa amekaa mbali na hasara.

Tulikuwa watu sita: wazee wawili tuliokuja kutembelea ndugu, mwenyeji wetu ambaye ni mwana wa Tanga aliyekaa Uingereza kwa zaidi ya miaka ishirini, mkewe, na watoto wao wawili. Tulishuka katika kituo cha treni cha Tottenham Hale, tukatembea dakika chache kando ya barabara yenye magari mengi, kisha tukaingia lango la Walthamstow Wetlands. Kelele za mji zilibaki nyuma yetu. Mbele yetu maji yalitanda mabwawa kwa mabwawa, kumi kwa idadi, yaliyochimbwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwapatia wakazi wa London maji ya kunywa. Hadi leo hiyo ndiyo kazi yake. Lakini tangu Oktoba 2017 milango yake iko wazi kwa umma bila kiingilio, na siku ile tuliona akina mama wenye hijabu wakisukuma vigari vya watoto, wazee wa Kihindi na Kipakistani wakitembea polepole, na vijana waliotoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri. Mto wenyewe huanzia Leagrave, katika mji wa Luton, na kuishia mto Thames mashariki ya London. Huzaliwa na kufia katika vitongoji vyenye Waislamu wengi, ingawa wengi wao, alisema mwenyeji wetu, hupita juu ya madaraja yake kila siku bila kulijua jina lake.

Katikati ya moja ya mabwawa kuna visiwa vyenye miti iliyokauka na kugeuka nyeupe kana kwamba imepakwa chokaa. Juu yake walikaa minandi, ndege weusi wenye shingo ndefu, baadhi yao wametandaza mabawa kukausha manyoya. Weupe ule ni kinyesi chao cha miaka mingi. Mnandi mmoja huweza kula karibu nusu kilo ya samaki kwa siku, na visiwa vile vilikuwa na minandi wengi. Zamani ndege hawa nchini Uingereza walikuwa wa pwani, wakiatamia kwenye majabali ya bahari. Mwaka 1981 walianza kuzaliana mitini, mbali na bahari, huko Abberton katika jimbo la Essex, na tangu hapo wameenea katika maziwa na mito ya bara.

Chini ya visiwa hivyo, wavuvi wa mshipi walikuwa wameketi kimya, kila mmoja na kiti chake na fimbo yake. Mabwawa haya yana samaki wanaotunzwa kwa ajili yao, na hapa ndipo ugomvi unapoanza. Mvuvi analipa ili apate samaki. Mnandi naye hupata wake bila kulipa.

"Babu," aliuliza binti wa mwenyeji wetu, mwenye miaka kumi, "mbona wasiwapige risasi tu?"

Swali lake halikuwa la kitoto, kwa maana ndilo wanalouliza wakubwa wengi wa nchi ile. Baba yake alimweleza kwamba sheria inawalinda ndege hao, na kwamba mwenye bwawa anayetaka kuua hata mmoja ni lazima aombe leseni na aonyeshe kuwa ana hasara ya kweli na kwamba njia nyingine hazitoshi. Kisha akatuonyesha njia mojawapo kwa kidole, kwa kuichora hewani, kwa sababu yenyewe huwa chini ya maji: kizimba cha wavu wa waya chenye matundu makubwa ya kutosha kupitisha samaki mdogo na madogo mno kumpitisha ndege. Ndani yake huwekwa matawi au mimea. Mara nyingi kizimba huning'inizwa chini ya kisiwa bandia kinachoelea, chenye matete juu yake. Mnandi akizamia, samaki hukimbilia ndani. Ndege hulazimika kufanya kazi kubwa kwa chakula kidogo, na kiumbe yeyote anayeona kazi imezidi chakula huhamia kwingine. Hakuna damu inayomwagika wala sumu inayomiminwa katika maji yanayonywewa na mamilioni ya watu.

Tulirudi kituoni, tukapanda treni inayofuata bonde kwenda kaskazini, na baada ya muda mfupi majengo yakapungua, mashimo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji yakaanza kuonekana pande zote mbili za reli. Tulishuka karibu na kijiji cha Great Amwell. Mahali hapa pana historia inayohusu jambo letu. Izaak Walton, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha uvuvi, The Compleat Angler, kilichochapwa mwaka 1653, aliweka katika kurasa zake za mwanzo msako wa fisi maji kwa mbwa katika kilima cha Amwell. Wakati huo mvuvi na msasi walikubaliana kwamba fisi maji ni adui, na mbwa walitumwa kummaliza.

Msako huo uliendelea kwa zaidi ya miaka mia tatu. Lakini kilichokaribia kummaliza fisi maji wa Uingereza hakikuwa mbwa. Tangu miaka ya 1950 wakulima walitumia dawa kali za kuua wadudu, dawa ambazo haziozi upesi. Zilitoka mashambani, zikaingia mitoni, kutoka mitoni zikaingia katika samaki, na kutoka katika samaki zikaingia katika mwili wa fisi maji. Sheria ya kumlinda ilipopitishwa mwaka 1978, ilikuwa imebaki kidogo tu. Uchunguzi wa nchi nzima wa miaka ya 1977 hadi 1979 ulikuta dalili zake katika sehemu chini ya 6 kwa kila sehemu 100 zilizokaguliwa. Dawa zile zilipigwa marufuku hatua kwa hatua, mito ikasafishwa, na baadhi ya fisi maji waliozalishwa chini ya uangalizi wakaachiwa, wakiwemo wa bonde hili la Lea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uchunguzi wa miaka ya 2009 na 2010 ulikuta dalili zake katika takriban sehemu 60 kwa kila 100.

Tuliposikia neno "dawa za kuua wadudu", sisi wazee wawili tulitazamana. Hatukusema kitu.

Mwenyeji wetu huvua samaki siku za mapumziko, na kwa hisani ya chama chake tuliruhusiwa kuingia katika bwawa moja dogo la wanachama. Alitupokea mzee wa Kiingereza aliyejitolea kulilinda. Alitueleza kwamba bwawa lile lina samaki waitwao kapi, wakubwa wenye magamba mapana na videvu vidogo mdomoni, ambao huishi miaka mingi sana. Wanachama huwavua, huwapima, huwapiga picha na kuwarudisha majini. Hatutaficha kwamba jambo hilo lilitutatiza, kwa kuwa sisi tumezoea kwamba samaki huvuliwa aliwe, na kumchoma kiumbe ndoana kwa mchezo tu ni suala linalohitaji kauli ya wanazuoni. Lakini mapenzi ya mzee yule kwa samaki wake hayakuwa ya mchezo. Alitusimulia majira ya baridi ambapo fisi maji aliingia na kuua kapi mmoja baada ya mwingine, akila sehemu ndogo ya kila mmoja na kuuacha mwili kwenye nyasi. Baadhi ya samaki hao aliwajua kwa alama zao kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Aliposimulia, aliacha kututazama usoni, akatazama maji.

Kisha alituonyesha uzio. Ni wavu wa waya mgumu unaozunguka bwawa zima, wa kimo cha kifua cha mtu mzima. Sehemu yake ya juu imekunjwa kuelekea nje ili anayepanda asivuke, na ya chini imelazwa nje na kufukiwa ardhini, kwa sababu fisi maji ni mchimbaji hodari. Waya mwembamba wa umeme umepitishwa kwa nje. Unashtua tu, hauui. Lango lina kizingiti kigumu na hujifunga lenyewe. Mzee alisema kwamba kabla ya kufunga mzunguko wa mwisho ni lazima kuhakikisha hakuna mnyama aliyebaki ndani, na kwamba akipenya mmoja baadaye, sheria inataka aitwe mtu mwenye mafunzo na kibali, amnase akiwa hai katika mtego wa kizimba na kumtoa nje ya uzio.

Mmoja wetu aliuliza swali la mtu aliyewahi kujenga: nani alilipa? Uzio wa namna ile hugharimu maelfu ya pauni, na chama kile ni cha mafundi, madereva na wastaafu.

Jibu lake ndilo lililofanya safari yetu kuwa na maana. Nchini Uingereza kila mtu mzima anayevua samaki wa maji baridi kwa fimbo ni lazima anunue leseni. Watoto walio chini ya miaka 13 hawaihitaji, na wa miaka 13 hadi 16 huipata bure. Fedha za leseni hukusanywa na wakala wa serikali wa mazingira, Environment Agency, na sehemu yake hurudi kwa vyama vidogo kupitia mfuko wa ruzuku unaosimamiwa na jumuiya ya wavuvi wa mshipi iitwayo Angling Trust. Chama huomba, huonyesha hasara yake na mpango wake, nacho huongeza fedha na nguvu kazi zake. Ruzuku hizo zimejenga nyua za kuzuia fisi maji na vizimba vya kuwaficha samaki dhidi ya minandi. Wanachama wa bwawa lile walichimba mtaro kwa mikono yao Jumamosi nyingi mfululizo. Wavu wenyewe ulilipiwa kwa sehemu na maelfu ya wavuvi ambao hawatalitia machoni bwawa lile maishani mwao.

Wakati wa alasiri ulipoingia tulitandika mikeka kwenye nyasi kando ya njia, tukaswali jamaa. Baada ya sala tulikaa, na mazungumzo yakatupeleka kwenye kisa kinachotajwa katika Suratul Anbiyaa, cha Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.), walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo wale kuwa fidia. Suleiman, naye akiwa bado kijana, aliona vingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda tu, anufaike kwa maziwa na sufi yao, wakati wenye kondoo wakilihudumia shamba mpaka lirejee lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Hasara ililipwa kikamilifu, na hakuna aliyefilisiwa.

Lakini kondoo wale walikuwa na mwenyewe wa kudaiwa. Je, fisi maji atadaiwa kwa nani? Yeye hana bwana ila Mola aliyemuumba na kumfundisha kuzamia. Sisi wanadamu tunapenda kusema kwamba wanyama wa pori ni mali yetu sote, ni urithi wa taifa, ni amana. Ikiwa ni hivyo, basi hasara wanayoileta nayo ni yetu sote. Haiwi haki taifa zima lifurahie kurejea kwa fisi maji, watoto wamchore shuleni, na watalii wampige picha, kisha gharama ya chakula chake ibebwe na mtu mmoja mwenye bwawa dogo. Tukimwachia mzigo huo peke yake, tusishangae siku akienda dukani kununua sumu.

Ni kweli kwamba Mtume wetu (s.a.w) ametufundisha kuwa anachopanda Mwislamu, kisha kikaliwa na ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mafundisho hayo humfariji aliyepoteza. Hayampi jirani ruhusa ya kukaa mbali na kumhesabia mwenziwe thawabu. Na ni yeye huyo huyo (s.a.w) aliyetupa kanuni kwamba pasiwe na kudhuru wala kulipizana madhara. Mwenye samaki ana haki ya kulinda mali yake. Haki hiyo huanzia kwenye njia nyepesi zaidi inayotosha, na wavu ni mwepesi kuliko sumu.

Mzee wa bwawa, tulipomuaga, hakutuachia picha nzuri tupu. Uzio, alisema, hulinda bwawa, haulindi mto. Mto hauwezi kuzungushiwa waya, na fisi maji aliyezuiwa hapa atakwenda kutafuta riziki kwingine, labda kwenye bwawa la asiye na uzio. Alikumbusha pia kwamba chakula anachokipenda sana mnyama huyo ni mkunga wa maji baridi, na mikunga imepungua mno. Makinda yanayoingia mitoni Ulaya yameanguka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980. Mabwawa ya kuwazuia wasipande mto, uchafuzi na uvuvi wa kupindukia vina sehemu yao katika hilo. Aliyenyang'anywa chakula chake mtoni hubisha hodi bwawani. Kwa hiyo fedha za uzio bila fedha za kuutengeneza mto ni kutibu nusu ya maradhi.

Katika treni ya kurudi tulimpigia simu mpwa wetu. Tulimweleza habari ya dawa zilizopita kutoka shambani hadi kwenye mwili wa fisi maji, na tukamuuliza watu wa pale wanachota wapi maji. Alinyamaza, kisha akasema, "Shangazi, wanachota mfereji ule ule." Hatukuhitaji kuongeza neno.

Lakini hatukutaka kukata simu tukiwa tumempa nasaha bila msaada. Tulimtaka akadirie mzunguko wa mabwawa yake kwa hatua, atafute bei ya wavu wa waya mgumu na nguzo, na aongeze wavu wa juu kwa ajili ya minandi na mdiria. Hesabu ilipokuja ilizidi mara nyingi bei ya chupa ya sumu. Hiyo ndiyo taabu ya jambo hili: ukatili huuzwa rahisi dukani, na huruma huhitaji bajeti. Tuligawana. Familia ya London ilitoa sehemu, sisi sehemu, mpwa wetu akatoa nguzo na kazi, na majirani wawili wenye mabwawa wakaingia ili wanunue wavu kwa pamoja. Hakuna aliyekopa kwa riba.

Tunaandika haya tukijua kwamba familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina ndugu anayefuga samaki, au zinawaza kuanza. Serikali yetu nayo imeanza kutoa mikopo isiyo na riba kwa wafugaji wa samaki wa vizimba katika Ziwa Victoria. Tunaomba wanaopanga mikopo hiyo wahesabu wavu wa kinga tangu mwanzo, kama wanavyohesabu vifaranga na chakula. Tunaomba pia kamati zetu za misikiti, zinazojua vyema kuchangisha kwa ajili ya kisima, zifikirie kwamba kulinda riziki ya muumini bila kumdhulumu kiumbe wa Allah nako ni mlango wa sadaka yenye kuendelea.

Wiki chache baadaye ilikuja picha kutoka Muleba. Haikuwa picha ya samaki. Ilionyesha matope nje ya uzio, na ndani ya matope nyayo za fisi maji. Zilizunguka uzio wote, zikasimama kidogo penye lango, kisha zikaelekea ziwani.